Nina laki tatu na nusu: ninunue kadi gani ya grafiki?

Shikamoo kaka,

Ninaishi Morogoro, na kazi yangu ni kuhariri video za harusi, send-off na kipaimara. Sipigi video mwenyewe. Wapo wapiga video wawili wanaoniletea kazi, mimi naunganisha, natengeneza rangi, naweka muziki na kutoa faili la mwisho.

Natumia Dell OptiPlex 7050, ile nyembamba ya ofisini, niliyoinunua mtumba. Ina Core i5-7500, RAM GB 8 ya kipande kimoja, na SSD ya GB 256. Nahariri kwa Premiere, na vile vipande vifupi vya kuweka status natumia CapCut.

Mwanzoni ilikwenda vizuri. Mpiga video mmoja anatumia Canon M50, na kazi zake mpaka leo hazinisumbui sana. Shida ilianza mwenzake aliponunua Sony A7 IV. Picha zake ni nzuri mno, lakini nikizitia kwenye taimlaini kompyuta inaganda. Nikibonyeza icheze, sauti inatangulia na picha inabaki imesimama kwenye uso wa bibi harusi. Kurenda, yaani kutoa faili la mwisho, filamu ya saa moja na nusu naiacha usiku kucha, na mara nyingine asubuhi nakuta imegoma katikati. Wateja wananipigia, nami nimekuwa mtu wa kuahidi "kesho, kesho".

Kila ninayemuuliza ananiambia ninunue kadi ya grafiki. Mwezi huu nimepokea mchezo, nina shilingi laki tatu na nusu. Nimeongea na wauzaji Kariakoo kwa simu, nikapewa tatu:

Ya kwanza ni RX 580 ya GB 8, mtumba, laki mbili na themanini. Muuzaji anasema kama kompyuta yangu haina waya wa umeme wa kadi atanipa adapta ya kuunganisha kwenye waya wa diski.

Ya pili ni GTX 1050 Ti ya GB 4, mpya, iko kwenye boksi jeupe, laki moja na ishirini tu. Hii nimeipenda kwa sababu ina tundu la VGA na monita yangu ni ya VGA, sitahitaji kununua kitu kingine.

Ya tatu ni GT 1030 mpya, laki mbili na ishirini.

Kuna rafiki ananiambia niachane na yote hayo, niuze kompyuta na nichukue laptop ya kuchezea gemu kwa mkopo. Na mjomba wangu anarudi kutoka Dubai mwisho wa mwezi, yuko tayari kuniletea kadi, ila anataka nimtajie jina kamili kwa sababu yeye hajui mambo haya. Mdogo wangu wa kiume naye ananisukuma nichukue inayoweza kucheza EA FC 24.

Kaka, sina hela ya kukosea. Hii ndiyo pesa yote niliyonayo ya kompyuta mwaka huu. Nisaidie.

Mhariri wa harusi, Morogoro

---

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa hizo simu za wateja.

Kabla ya yote: usitume pesa Kariakoo leo, hata ya kushikiza. Katika kadi tatu ulizotajiwa hakuna hata moja inayokufaa. Moja haiwezi kuwashwa kwenye kompyuta yako, nyingine nina shaka kubwa kwamba si kile kilichoandikwa juu yake, na ya tatu ni halali lakini haina kitu unachokihitaji kuliko vyote. Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya tatizo lako inaweza kupungua kabla hujanunua kadi yoyote.

Tuanze na RX 580, kwa sababu hii ndiyo ingekuunguzia kompyuta.

Zima kompyuta, chomoa waya wa ukutani, fungua kasha na usome karatasi iliyobandikwa kwenye pawasapulai, kile kisanduku kinachoilisha kompyuta umeme. Katika OptiPlex 7050 nyembamba utakuta imeandikwa wati 180. Hizo ndizo wati za kompyuta nzima: prosesa, RAM, diski, feni, kila kitu. Prosesa yako peke yake imepimwa wati 65. Sasa RX 580, ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, inakula wati 185 peke yake. Yaani kadi moja inataka umeme mwingi kuliko unaotolewa na pawasapulai yote.

Sloti ndefu ya kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta), ile ya PCIe, kwa kipimo cha kawaida inaweza kuipa kadi hadi wati 75, na baadhi ya kompyuta nyembamba za ofisini zimewekewa kikomo cha chini ya hapo. Kadi inayotaka zaidi huwa na tundu la ziada la umeme kwa juu: la pini 6 linaongeza wati 75, la pini 8 linaongeza 150. Kwa kawaida RX 580 huja na lile la pini 8. Pawasapulai yako haina waya huo, na ndiyo maana muuzaji anakupa adapta ya kuunganisha kwenye waya wa diski. Waya wa diski, ule bapa wa SATA, kwa upande wa volti 12 umepimwa kubeba wati 54 tu. Ukiulazimisha kulisha kadi kubwa, plastiki ya kiunganishi huanza kulainika kwa joto, na hapo tunaongelea moshi ndani ya chumba ambamo kompyuta inarenda usiku huku umelala. Tafadhali sana, adapta hiyo usiikubali hata kwa zawadi.

Na hata tukisahau umeme, kadi yenyewe haitaingia. Kasha lako linapokea kadi fupi za kimo, zile ambazo bamba lake la chuma la nyuma lina urefu wa kama sentimita 8. RX 580 ni ya kimo kamili, tena nene na ndefu. Usifikirie pia kubadilisha pawasapulai, maana Dell kwenye mashine hizi wametumia umbo na viunganishi vyao wenyewe. Ya kawaida ya dukani haikai.

Sitaki nionekane naichukia RX 580. Kwa mtu mwenye kasha kubwa na pawasapulai nzuri ya wati 500, GB 8 kwa bei hiyo ni kitu cha kufikiria. Ila ajue kwamba nyingi zilitumika kuchimba sarafu za kidijitali usiku na mchana, mpaka Ethereum ilipobadili mfumo wake Septemba 2022 na kadi za grafiki zikakosa kazi hiyo, zikamwagwa kwenye soko la mitumba. Na ajue pia kuna toleo linaloitwa RX 580 2048SP, ambalo kwa ndani ni RX 570. RX 580 kamili ina viini 2304, yaani vile vitengo vidogo vya kukokotoa ndani ya chipu.

Sasa hiyo GTX 1050 Ti ya boksi jeupe. Umeniambia jambo moja lililonishtua kuliko bei: ina tundu la VGA. GTX 1050 Ti ni ya kizazi cha Pascal, iliyotoka Oktoba 2016, na chipu za kizazi hicho hazitoi tena ishara ya analogi ambayo VGA inaitumia. Ukiona 1050 Ti yenye VGA, mara nyingi unachokitazama ni chipu ya zamani, kama ile ya GTS 450 ya mwaka 2010 au GTX 550 Ti ya 2011, ambayo mtu ameibadilishia programu ya ndani ili ijitambulishe kwa jina lingine. Windows itaamini. Itakuandikia "GTX 1050 Ti" vizuri kabisa, na mnunuzi anaondoka akifurahi. Akifika nyumbani na kuweka draiva mpya (programu inayoiendesha kadi), skrini inakuwa nyeusi, au gemu linafunga lenyewe kila mara.

Sisemi muuzaji wako ni tapeli. Wapo wanaoletewa mzigo hivyo na wao hawajui. Lakini wewe unalindwa na programu moja ndogo ya bure inayoitwa GPU-Z. Muuzaji yeyote wa kweli atakubali kuichomeka kadi kwenye kompyuta ya dukani na kuifungua programu hiyo mbele yako, au akupigie simu ya video ukiangalia. Tangu 2018 GPU-Z inaweka neno FAKE mbele ya jina la kadi ikigundua chipu haifanani na jina. Angalia na jina la chipu: ya 1050 Ti halisi ni GP107, na idadi ya viini ni 768. Ukiona GF106 au GF116, rudisha mkono mfukoni.

GT 1030 nitaimaliza haraka. Ni kadi ya kweli, inakula wati 30 tu na ingeingia kwenye kasha lako bila shida. Lakini ina GB 2 za kumbukumbu na haina NVENC, yaani ile sehemu ya chipu za Nvidia inayofanya kazi ya kubana video wakati wa kurenda. Kwako wewe, kuikosa NVENC ni kukosa sababu yenyewe ya kununua kadi. Na kuna mtego: ziko GT 1030 mbili zenye jina moja. Yenye kumbukumbu ya GDDR5 inapitisha GB 48 kwa sekunde, yenye DDR4 inapitisha kama GB 17. Kwenye boksi tofauti hiyo ni herufi chache tu.

Basi tuje kwenye ugonjwa wenyewe, na hapa naomba unisome taratibu.

Umesema video za Canon M50 hazikusumbui, za Sony A7 IV zinagandisha kompyuta. Kompyuta ni ileile, programu ni ileile. Kilichobadilika ni namna video ilivyofungwa. M50 inarekodi kwa H.264, namna ya kawaida ya kubana video, ya biti 8, kwa mpangilio wa rangi ulio mwepesi wa 4:2:0, na karibu kila chipu ya miaka mingi iliyopita inaifungua bila jasho. A7 IV inaweza kurekodi kwa namna nyingi, na watu wengi wakishainunua wanaiweka kwenye ubora wa juu kabisa: biti 10, 4:2:2, yaani taarifa nyingi zaidi za rangi katika kila fremu. Hapo ndipo penye kazi. Kompyuta yako haina kifaa cha kufungua 4:2:2 ya biti 10, kwa hiyo prosesa inalazimika kuifungua kwa nguvu za mikono, fremu baada ya fremu, na hiyo ndiyo picha inayosimama kwenye uso wa bibi harusi.

Na jambo ambalo hakuna muuzaji atakayekwambia: kadi za Nvidia hazikuweza kufungua 4:2:2 mpaka ulipotoka mfululizo wa RTX 50 mwaka 2025. Maana yake ungeweza kutoa laki tatu na nusu, ukanunua kadi halali kabisa, ukaifunga vizuri, na video za Sony zikaendelea kuganda vilevile. Hilo lingeniuma sana.

Dawa ya kwanza haina gharama. Zungumza na huyo mwenye Sony. Kwenye menyu ya kamera achague XAVC S 4K kwa 4:2:0 biti 8, au kama anataka biti 10 kwa ajili ya rangi, achague XAVC HS kwa 4:2:0 biti 10. Grafiki iliyomo ndani ya i5-7500 yako, inayoitwa HD 630, ina kifaa cha Intel cha Quick Sync kinachoweza kufungua zote mbili. Mteja wa harusi anayetazama kwenye TV ya sebuleni hataona tofauti. Kama una wasiwasi wa kumwambia mtu aliyenunua kamera ya gharama apunguze kitu, mwombe arekodi sekunde chache kwa kila mpangilio, mkae pamoja mzicheze kwenye kompyuta yako. Ataona mwenyewe.

Dawa ya pili ni ya zile video ambazo tayari zimeshapigwa. Tumia proksi. Ukiingiza video kwenye Premiere, ibofye kwa kitufe cha kulia, tafuta Proxy, kisha Create Proxies, na utengeneze nakala nyepesi. Utahariri ukitumia nakala hizo, na wakati wa kutoa faili la mwisho Premiere inarudi yenyewe kwenye video halisi. Kutengeneza nakala kunachukua muda, lakini unaweza kuacha kompyuta ifanye hivyo huku ukipika au ukilala. Hakikisha una nafasi ya diski. SSD ya GB 256 hujaa upesi kwa kazi hii.

Dawa ya tatu ni kitu ambacho huenda hukukiwasha. Ukiwa kwenye ukurasa wa Export, angalia sehemu ya Performance. Ikiwa imeandikwa Software Encoding, badilisha iwe Hardware Encoding. Kama chaguo hilo limefifia, weka draiva mpya ya grafiki ya Intel kisha ujaribu tena. Kwa watu wengi hapo ndipo usiku kucha unapogeuka kuwa saa chache.

Sasa RAM. Fungua Task Manager, nenda Performance, uiache wazi pembeni wakati unahariri. Tazama Memory. Nina hakika kiasi kikubwa kwamba GB 8 zako zitakuwa zimejaa mpaka juu, na huko kurenda kunakogoma katikati kunatokana na hilo. Kibaya zaidi ni kwamba una kipande kimoja. Grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake. Inaazima kwenye RAM, na kipande kimoja kinaipa njia moja tu ya kupita. Ukiongeza cha pili cha GB 8, DDR4 ya kompyuta ya mezani na si ile fupi ya laptop, unapata GB 16 na njia mbili. Kimoja cha kasi ya 2400 kinatosha, maana prosesa yako haiendi zaidi ya hapo. Tafuta cha mtumba. RAM mpya zimepanda bei sana tangu mwishoni mwa 2025 kwa sababu viwanda vinaelekeza uzalishaji kwenye mashine za akili mnemba, na sioni haja ya wewe kulipia vita hiyo.

Hiyo ndiyo ingekuwa shilingi yangu ya kwanza, kabla ya kadi.

Ukishafanya yote hayo, kadi inakuwa na maana: itabeba rangi, mabadiliko ya ukubwa, maandishi na zile athari unazoziongeza, na itamfurahisha mdogo wako. Kwa kasha lako sheria ni tatu. Iwe ya kimo kifupi. Isihitaji waya wa ziada wa umeme. Na iwe na NVENC.

Kadi ninazokuelekeza hazitajwi sana na vijana wa gemu, kwa sababu zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi za wahandisi na wachoraji wa ramani. Ni zile za kitaalamu za Nvidia. Ofisi kubwa za nje zikibadilisha kompyuta, kadi hizi huingia kwenye soko la mitumba pamoja na mashine zilezile kama hiyo uliyonunua. Mtajie mjomba majina haya kwa mpangilio huu: T1000, kisha T600, kisha Quadro P1000. Zote ni nyembamba za nafasi moja, zote ni fupi, zote hazina tundu la umeme. T1000 inakula wati 50, ina viini 896 na kumbukumbu ya GB 4, na kuna toleo la GB 8. Kwa ukoo ni ndugu wa GTX 1650. T600 inakula wati 40, viini 640, GB 4. P1000 inakula wati 47, viini 640, GB 4 pia, lakini ni ya kizazi cha Pascal, na Nvidia wametangaza kwamba kizazi hicho kimefika mwisho wa draiva za kawaida, kinabaki na masasisho ya usalama tu. Kwa hiyo P1000 ichukuliwe ikiwa tu nyingine zimekosekana na bei yake ni ya chini kweli.

Kwa kazi ya 1080p, GB 4 zinakutosha. Ile ya GB 8 ni nzuri kama utaipata kwa nyongeza ndogo, hasa ukihariri 4K, ila usikope kwa ajili yake. Kuhusu FC 24, mahitaji yake ya chini yanataja GTX 1050 Ti ya GB 4. T1000 inafika hapo na kupita kidogo. T600 iko karibu na hapo, mdogo wako ataweka picha kwenye kiwango cha chini na atacheza.

Utasikia pia majina mengine mazuri. GTX 1650 fupi ipo, na RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka 2024 ipo fupi, inakula wati 70 bila waya wa ziada. Lakini nyingi kati ya hizo ni nene, zinachukua nafasi mbili. Fungua kasha utazame: kama sloti yako ndefu inapakana na boksi la pawasapulai, kadi nene haitakaa. Kisha RTX 3050 itaimeza bajeti yako yote na RAM ukaikosa. RX 6400 ya AMD nayo ni nyembamba na wati zake ni 53, inacheza gemu vizuri kwenye kompyuta mpya, ila AMD waliiondolea kabisa sehemu ya kubana video. Kwa mhariri hiyo ni kasoro ya kuiacha dukani.

Kuhusu mjomba na Dubai: ni njia nzuri, lakini kumbuka kadi ikiharibika hakuna wa kuirudisha. Mwandikie ujumbe mmoja asiweze kuchanganya, kama huu: "Nvidia T1000, bamba fupi la nyuma, ijaribiwe dukani kabla ya kulipa." Hilo la bamba lisisahaulike. Kadi hizi huja na mabamba mawili, refu na fupi, na kwa mitumba mara nyingi lile fupi limeshapotea. Bila hilo kadi inaingia kwenye sloti lakini haishikiki kwenye kasha lako. Matundu ya nyuma ni ya Mini DisplayPort, madogo, na monita yako ni ya VGA. Aulize kama zile adapta zake zimo. Wewe utahitaji ya Mini DisplayPort kwenda VGA, tena ile yenye kigeuzi ndani. Ukipata siku moja monita ya mtumba yenye HDMI au DisplayPort, utaachana na shida hiyo.

Akiijaribu dukani, waiweke kwenye kompyuta, wafungue GPU-Z wasome jina na idadi ya viini, halafu waipe kazi nzito, gemu au programu ya majaribio, kwa kama nusu saa. Atazame skrini: vidoti vya rangi visivyo na maana, mistari, kumetameta, yote hayo ni kadi inayoumwa. Asikilize na feni. Wewe pia ukiamua kununua Dar badala ya kumsubiri, dai hayohayo, na uandikiwe risiti yenye jina la kadi na siku za kurudisha.

Ukishaifunga, monita ichomekwe kwenye kadi, si kwenye mazabodi. Watu wengi hukwama hapo wakidhani kadi ni mbovu. Ingia pia kwenye BIOS, ile mipangilio inayofunguliwa kompyuta inapoanza kuwaka, utafute Multi-Display uiwashe, ili grafiki ya Intel ibaki hai pamoja na kadi. Unaitaka bado, maana Quick Sync itaendelea kukusaidia kufungua video.

Laptop ya mkopo, hapana. Una kazi inayokuingizia pesa na vifaa vinavyokaribia kutosha. Deni la kila mwezi litakula harusi zako kabla hujazihariri. Najua OptiPlex yako haitakaa milele. Prosesa yako ya kizazi cha 7 haimo kwenye orodha ya Windows 11, na Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ndiyo maana pia nakupeleka kwenye T1000: siku utakapobadilisha kompyuta, utaichomoa na kuihamishia kwenye mpya, iwe nyembamba au kubwa.

Mwanzo uwe kwa mwenye Sony. Mpigie leo, kabla hajaenda kwenye harusi ya wikiendi hii.